Ukifika Usinge kwa Miguu Yako

Usinge, 9 Februari 2025

Mke wangu Recheli, mjukuu wangu,

Mimi Eliya Mihayo nina miaka themanini na mmoja. Nimeishi kuliko bibi yako, kuliko ndugu zangu wote wa tumbo moja, kuliko baiskeli tatu za chuma, kuliko ghala la tumbaku ambalo nilibeba matofali yake nikiwa kijana na likaanguka lenyewe nikilitazama. Nimeishi kuliko daktari aliyenikataza chumvi. Alikuwa kijana mwenye mashavu, sasa yeye hayupo na chumvi ninakula. Nimeanza na hayo ili ujue unabishana na nani.

Baada ya hapo nakusalimu. Huku hatujambo. Shangazi yako Josepha, jina alilopewa na bibi yako kwa kung'ang'ania Ukatoliki wa kwao, ni mzima na anasema sana. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mahindi yametoa mbelewele na mvua haitaki kuondoka. Barua hii Josepha anaipeleka kwa Rashidi fundi baiskeli pale stesheni, naye atampa mpwa wake mhudumu wa behewa, ikufikie hapo Dodoma. Usiniambie habari ya simu. Kwenye simu mimi nikianza neno wewe unaanza kulia, nikimaliza neno salio limekwisha. Kwenye karatasi nasema mpaka nichoke. Na kuandika nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, nikawa wa kwanza, mpaka mwalimu alikuwa ananiuliza mimi.

Sasa neno lenyewe. Josepha kaniambia unakimbia. Nikamwuliza, anakimbizwa na nani? Akasema hakimbizwi, anakimbia tu, na mwezi wa nane kuna mbio za kutoka Kaliua mpaka hapa kwetu, njia ile ile ya wapagazi wa zamani, na wewe umejiandikisha. Nilicheka mpaka mbuzi wakasimama.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka huku mpaka baharini, akarudi na nguo begani na hadithi kichwani, na hakukimbia hata hatua moja. Alitembea. Huku kwetu mtu mzima hakimbii, umesahau? Mtu mzima akikimbia ni mambo mawili, ameiba au amefiwa. Sasa wewe wataanza kukuuliza lipi?

Josepha kaniambia pia amekwambia habari ya mguu wangu. Mwongo huyo. Ni mwiba ulinichoma wakati wa palizi, basi. Ngozi ya mzee inachelewa kufunga, kama mlango wa mvule ulioloa.

Mumeo,
Eliya


Dodoma, 2 Machi 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, nadhani mpwa wa Rashidi aliifanya meza. Mimi mzima. Kazi ya duka la miwani inaendelea, nakaa kutwa nikiwaambia watu wasome herufi ukutani na wao wananidanganya kwamba wanaziona. Nimezoea watu wanaodanganya kuhusu miili yao. Nitarudi hapo.

Mwenye nyumba ameweka geti jipya linalolia kama fisi, kwa hiyo nikitoka alfajiri kwenda mbio mtaa mzima unajua. Jumamosi tunakimbia kundi, klabu yetu ya joging, watu wa maofisini, mama muuza mkaa, na mchungaji mmoja anayetembea zaidi kuliko kukimbia. Siku nyingine nakwenda peke yangu. Napanda mlima ule wa mawe na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka magoti yanatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Wa kwanza wa mbio hizo sitakuwa, Babu. Miongoni mwa wa mwisho pengine. Nataka kumaliza tu.

Umeniuliza nakimbizwa na nani. Sijui kujibu vizuri. Kutwa nakaa nyuma ya meza nikiangalia macho ya watu wengine. Nikikimbia, baada ya muda mrefu, kichwa kinanyamaza, nabaki na pumzi na miguu. Na ile njia ya babu yako nimeisikia tangu utotoni ikitoka kinywani mwako, sijawahi kuipita kwa miguu hata nusu yake. Nimeipita kwa treni, nimelala.

Nina viatu vya njia ya vumbi, soli yake ina meno. Nina begi la mgongoni lenye mfuko wa maji na mrija unaokuja mpaka mdomoni. Nina jeli, ni sukari laini kwenye vipakti, unakamua na kumeza huku unakimbia. Najua utacheka.

Sasa na mimi niseme. Kidonda cha tangu Desemba siyo mwiba, Babu. Shangazi anasema ukivua soksi mbwa anatoka nje. Treni inapita hapo mlangoni. Panda, shuka Tabora, hospitali ipo, mimi nitakuja kukukuta stesheni. Taja sharti lolote, nitalitimiza.

Mkeo mkaidi,
Recheli


Usinge, 30 Machi 2025

Recheli mke wangu, mwangaluka.

Barua imechelewa kwa sababu maji yalikula tuta la reli na treni ikalala njiani. Mpwa wa Rashidi anasema abiria walipika ugali kando ya reli, yeye akapewa paja la kuku. Huku wazima. Yule mbuzi pacha dume amekufa, jike lipo. Mchungaji ametangaza harambee ya paa la kanisa, nimetoa mbuzi jike huyo huyo ili watu waone.

Nimecheka kweli. Mrija! Unanyonya maji mgongoni mwako mwenyewe kama ndama aliyefungwa. Na hiyo sukari ya kukamua nimemwonyesha Rashidi ulivyoiandika, akasema hata grisi ya mnyororo inauzwa hivyo hivyo.

Sikiliza mtu aliyekwenda. Mimi nilikuwa natoa asali msituni mpaka Urambo, debe nyuma ya baiskeli, na kipande kile cha mchanga nabeba baiskeli na debe juu. Hakuna kijana aliyeniweza. Tumboni nilikuwa na matobolwa. Josepha ameanika viazi vizuri mwaka huu, nakutumia kifurushi. Viazi vichemshwe, vikatwe, vikaushwe, hapo unatafuna kidogo kidogo mchana kutwa, mate yako yanafanya kazi, tumbo halishtuki. Asali ya miombo kwenye chupa ndogo, ulambe, usinywe kama uji. Chumvi weka mfukoni. Na ujizoeze saa nane ya mchana, siyo alfajiri na geti la fisi. Jua la huku mwezi wa nane halina alfajiri.

Neno la pili, Josepha amenionyesha picha yako kwenye simu yake. Suruali imekubana kama ganda la muhogo. Mjini sawa. Lakini njia hii ina wazee wamekaa barazani, utapita mbele yao hivyo? Utafunga kanga kiunoni ukiingia vijijini. Hilo silijadili.

Neno la tatu. Umesema nitaje sharti. Haya. Ukifika Usinge kwa miguu yako, nitapanda treni niende hospitali, nikae siku wanazotaka wao, nile chakula chao kisicho na chumvi. Usipofika, neno mguu lisitoke tena kinywani mwako wala kwenye kalamu yako, mpaka nife. Nimeandika kwa mkono wangu na Josepha ameona.

Hutafika. Lakini kula matobolwa.

Eliya


Dodoma, 25 Mei 2025

Mume wangu, shikamoo.

Nimekubali sharti. Nimelikunja nimelitia kwenye mkoba wa kazini.

Salamu kwa Shangazi. Hapa wazima, ila nilipata mafua ya wiki nzima na nikakaa dirishani nikiwatazama wenzangu wakipita na jezi zao, roho ikaniuma kama kuku aliyefungiwa bandani.

Matobolwa yako, Babu. Siku ya kwanza nilikula mengi mno. Nilikuwa katikati ya kundi la Jumamosi, na sitakuandikia kilichotokea, ila mchungaji alihama upande wa pili wa barabara. Siku ya pili nikala kama ulivyosema, kipande kimoja nakizungusha mdomoni mpaka kiyeyuke, halafu tone la asali. Nilikimbia mpaka nikasahau kwamba nakimbia. Jeli nimempa mama muuza mkaa. Chumvi pia ulikuwa sahihi, siku ya jua kali misuli ya paja ilianza kuvuta, nikalamba, ikaachia.

Kucha za vidole vikubwa vya miguu zimekuwa nyeusi. Moja imetoka. Haiumi sana. Nimebadili soksi na sasa napaka mafuta mazito kabla ya kuvaa, kila kidole peke yake.

Naomba jambo. Wakimbiaji wengi ni wageni, watapita na namba zao vifuani na pikipiki za waandaaji, watu watajua ni mbio. Lakini mimi nitakuwa nyuma, peke yangu, na huko wananijua. Sitaki mtu ashtuke. Naomba upite au utume mtu kwenye vijiji vya njiani, hasa Pampuni pale kwenye kisima, uwaambie kwamba mwezi wa nane mtakayemwona anakimbia ni mimi na hakuna lililotokea.

Yule tusiyemtaja anaendeleaje? Najua sharti linaanza nisipofika. Kwa hiyo mpaka Agosti nina haki ya kuuliza.

Recheli


Usinge, 29 Juni 2025

Mke wangu,

Salamu ni zile zile. Mwandiko umelala kwa sababu kiti kimevunjika naandikia kitandani. Mahindi tumevuna, magunia yamesimama. Josepha ana jino.

Ulichoomba nimefanya. Nimepita vijiji vyote kwa baiskeli, kimoja baada ya kingine, wamenikaribisha uji, wamefurahi, kote wanasema mjukuu wa Eliya anakuja. Usiwe na wasiwasi wa hilo. Ukimwona mpwa wa Rashidi mwambie mjomba wake aache uvivu, baiskeli yangu ipo kwake tangu Pasaka na gurudumu la nyuma bado.

Yule tusiyemtaja hajambo, anakusalimu.

Bibi yako alipanda treni ile unayoniambia nipande. Alipanda kwa miguu yake, amevaa viatu vyake vya Krismasi, ananipungia dirishani, ananiambia Eliya usisahau kuku. Unajua alirudije. Mimi ndiye niliyewapokea pale stesheni. Basi, nimemaliza habari hiyo.

Usikimbie kwa kasi ukiona wenzako wanaondoka. Waache. Babu yangu alisema msafara unaonekana mrefu asubuhi kwa sababu kila mtu ana nguvu. Jioni ndiyo unajua nani alikuwa kwenye msafara.

Eliya


Dodoma, 24 Agosti 2025

Babu, shikamoo.

Nimefika salama na basi la waandaaji. Miguu imevimba, leo ndiyo siku ya kwanza nimevaa viatu vilivyofungwa. Dukani wananiita Mama Kilomita. Mpe pole Shangazi kwa kazi ya siku ile, na umwambie Mwanahawa wa Pampuni kandambili zake nitazirudisha.

Nakuandikia kwa sababu jioni ile hatukuzungumza, tulikuwa watu wengi mno na wewe ulilala mapema. Nataka ujue ilivyokuwa kabla hujafika.

Tulianza Kaliua kukiwa na baridi na ukungu mwembamba. Niliwaacha wenzangu waende kama ulivyosema. Mpaka mchana nilikuwa vizuri, msitu kulia, reli kushoto, matobolwa mdomoni, hakuna kitu kichwani. Nilifikiri kweli juu ya babu yako. Nilijiuliza kama na yeye kichwa chake kilinyamaza, au mzigo haukumruhusu. Halafu jua likasimama juu yangu. Kipande cha mchanga kilinimaliza. Saa ya mkononi ikazima. Mwenzangu wa nyuma akaanza kutapika, pikipiki ya waandaaji ikabaki naye, na mimi nikaenda peke yangu. Nilijua mwisho wa kupokea watu ni saa kumi na mbili jioni, nilitazama kivuli changu nikaona kimekuwa kirefu. Nilipoiona miembe ya Pampuni nilifunga kanga kiunoni kama ulivyoniagiza, nikaongeza mwendo. Nilikuwa nalia, Babu. Siyo kwa huzuni. Ni mwili tu, ukichoka sana machozi yanatoka yenyewe kama jasho.

Mwanahawa alikuwa kisimani. Aliniona ninakuja mbio, vumbi mwili mzima, kanga kiunoni, machozi. Akaacha ndoo.

"Recheli! Recheli wa Eliya! Kuna nini kwa babu?"

Nilikuwa sina pumzi. Nikamjibu kilichokuwa kichwani. "Nimechelewa! Bibi, nimechelewa!"

Basi. Alipiga ukunga mpaka ndege wakaruka. Wanawake wakatoka kila nyumba. Wakanishika mikono, wakanishika kiuno, wakanikalisha kwenye mkeka, wakanivua viatu, wakanimwagia maji kichwani. Nikisema hajafa wanasema ndiyo mwanangu, ndiyo, lia. Nikisema ni mbio wanasema atatulia, ni mshtuko. Mmoja akasema, hawa wa mbio wamepita zamani, huyu ni mtoto wa msiba. Nikitaka kusimama watatu wananikalia. Misuli yote ikakaza, nikawa kama ubao.

Niliwauliza kama hukupita kuwaambia. Mwanahawa akasema hajakuona tangu Krismasi.

Sikuandikii hili ili kukulaumu.

Halafu ukaja na pikipiki ya Rashidi, ukashuka. Niliona, Babu. Wote tuliona. Tumekubaliana nini kitokee nisipofika, kwa hiyo sisemi nilichoona.

Tulipoingia Usinge walikuwa wameshang'oa kamba na kupakia saa yao. Kwenye orodha wameniandika hakumaliza. Sharti ni sharti. Nilishindwa, na neno lile halitatoka tena kwenye kalamu yangu. Unaona, sijaliandika.

Nakupenda.

Recheli


Tabora mjini, 14 Septemba 2025

Mke wangu Recheli, nakusalimu nikiwa kitandani, na safari hii siyo kwa sababu ya kiti.

Ukisoma jina la mji hapo juu usipige ukunga kama Mwanahawa. Josepha yupo nami, analala chini kwenye mkeka na anagombana na wauguzi. Nyumbani wanaangalia majirani. Chakula hakina chumvi kabisa, ni kama kutafuna mkeka huo.

Nina miaka themanini na mmoja. Nilikwisha kukuandikia niliowazika. Ongeza sasa, nimeishi kuliko matanga yangu mwenyewe.

Umesimulia upande wako, na mimi nisimulie wangu. Nilikuwa uwanjani nimekaa kwenye kiti cha mbele, koti langu jeusi, natafuna muwa. Wageni wanafika mmoja mmoja, watu wanapiga makofi, mimi nawaambia bado, wa kwangu bado. Mara anakuja Dionis, yule katekista, ametokea njia ya Pampuni, ana mzigo wa kuni kichwani. Ananipita mimi, anamshika Josepha mkono.

"Pole sana dada yangu. Mzee ametutoka."

"Mzee gani?" Josepha anamwuliza.

"Baba yako."

"Si huyu hapa anatafuna muwa?"

Dionis akageuka. Kuni zikaanguka. Nikazitazama kuni zile, Recheli, zilikuwa mbichi na nyembamba kama vidole. Nikamwambia Dionis, hizi ndizo kuni za msiba wangu? Mimi niliyekupa mzinga wa nyuki ulipooa? Akainama akaanza kuziokota.

Josepha akampigia Mwanahawa, akamwambia baba mzima, mwacheni mtoto. Unajua Mwanahawa alisema nini? Alisema, ndivyo mnavyosema siku zote ili mfiwa asizimie njiani. Na kweli ndivyo tunavyosema. Bibi yako alipofariki mimi mwenyewe niliambiwa amezidiwa kidogo, njoo stesheni. Simu haikuwa na faida. Ilibidi maiti aende mwenyewe.

Rashidi alinipakia. Niliposhuka pale Pampuni suruali ilikuwa imelowa na kitambaa cha kidonda kimelegea, ukaona ulichoona. Mwanahawa akapiga goti, "Shikamoo mzee Eliya," sauti imekufa kabisa, sijui alikuwa ananisalimu mimi au mzimu wangu. Nikamwambia, marahaba, mwacheni mke wangu akimbie.

Ukasimama. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vya meno vikakataa. Mwanahawa akakupa kandambili zake. Ukatoka na kandambili, kanga kiunoni, wanawake nyuma yako wanapiga vigelegele kwa machozi yale yale ambayo hawakuyapangusa, na mimi nyuma kwenye pikipiki nimebeba viatu vyako kama mtumishi. Rashidi akaniuliza tukupakie? Nilimfinya. Nikamwambia ukimgusa nakushusha mimi.

Habari ya kwamba Mwanahawa hajaniona tangu Krismasi, mwanamke yule macho yake hayaoni vizuri, ungempimia miwani. Zaidi ya hapo siongezi.

Sasa barua yako. Josepha aliisoma kwa sauti barazani na Dionis yupo na Rashidi yupo, kwa sababu macho yangu siku ile yalikuwa na vumbi. Akafika pale uliposema nilishindwa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Dionis, mtu wa kuni mbichi, akatikisa kichwa akasema, maskini, mtoto alijitahidi.

Maskini! Kizazi changu!

Nikaomba barua yangu ya mwezi wa tatu. Ulikuwa umeiacha kwa Josepha ulipokuja. Nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Haikuandikwa ukifika kabla ya saa kumi na mbili. Haikuandikwa ukifika wakiwa hawajang'oa kamba. Imeandikwa ukifika Usinge kwa miguu yako. Miguu ilikuwa ya nani? Ilikuwa yako. Kandambili tu ndizo za Mwanahawa. Wale wenye saa wana mashindano yao na sisi tuna yetu. Sasa nifanye nini? Nikikaa nyumbani, maana yake wewe hukufika, na mjukuu wa Eliya Mihayo, kilembwe wa mpagazi aliyeona bahari, alianguka Pampuni akanyanyuliwa na wanawake wenye ndoo. Siwezi kuishi na hadithi hiyo. Bora nipande treni.

Nikavaa viatu vya kanisani, kimoja nikakibeba mkononi. Nilimwambia Josepha asisahau kuku. Aliponitazama nikajua nimesema neno la bibi yako, na sote wawili tukaangalia nje.

Wamechukua vidole viwili. Vidogo, vya pembeni, sikuwa navitumia. Mguu umebaki. Daktari ni msichana kama wewe, alinifungua akaangalia, halafu akasema, mzee, umechelewa kidogo. Nikamwambia binti yangu, angalia unavyolitamka neno hilo, limeshaniua mara moja.

Wameniamuru kutembea. Kila siku kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Mzee wa kitanda cha pili anafika nusu anageuka. Mimi nafika, nagusa dirisha, nagonga kioo ili asikie. Nipe matobolwa ukija. Na chupa ndogo ya asali, waambie ni dawa. Wakigoma kwa sababu ya sukari, basi unilambishe ukucha mmoja tu.

Na kama wale wenye saa bado wanabisha kwamba hukufika, waambie waende Pampuni wamwulize Mwanahawa aliyekuvua viatu, akakuvisha vyake, akakusindikiza mpaka uwanjani na ndoo yake bado ipo kisimani. Wamwulize Rashidi fundi baiskeli, aliyeendesha pikipiki nyuma yako polepole mpaka ikachemka, na hakukugusa kwa sababu nilikuwa nimemshika nyama ya ubavu. Wamwulize Dionis, aliyekuwa amesimama uwanjani na kuni zake mbichi akakuona unakanyaga pale palipokuwa na kamba. Wakiona hao watatu hawatoshi, waje hapa wodini, kitanda cha dirishani, wamwulize marehemu.

Mumeo,
Eliya Mihayo